Jahazi la mezani: zana zipi ununue, zipi utengeneze mwenyewe



Tangu niweke picha ya lile jahazi langu dogo hapa ukumbini, maswali hayaishi. Kaka, zana ulinunua wapi? Nianze na shilingi ngapi? Eti lazima uwe na mashine? Wengi wanaouliza ni vijana wenzangu waliomaliza fomu foo, hawana kazi, na wameona wageni wakitembea Mji Mkongwe wa Bagamoyo wanapenda kubeba kitu cha hapa kwenda kwao. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo leo namwaga kila ninachokijua. Ni ndefu kidogo, vumilia.

Naanza na aibu yangu mwenyewe.

Nilipopata oda ya kwanza (jahazi mbili, mteja kanipa na kianzio) nilipanda gari mpaka Dar, nikaingia duka moja la vifaa, nikatoa elfu thelathini kwa boksi la patasi kumi na mbili. Zinang'aa, mipini ina rangi, boksi lina kamba. Nikarudi Dunda najiona fundi. Siku ya pili naichonga mninga, patasi ya kwanza makali yakajikunja kama karatasi ya sigara. Ya pili hivyo hivyo. Mpaka Ijumaa sikuwa na jahazi hata moja, kianzio nikakirudisha, na mteja akaondoka zake. Mtaji kwisha, jina kwisha.

Nikaenda ufukweni kumwamkia mzee mmoja anayekarabati vyombo. Akaichukua ile patasi, akaigeuza geuza, akaniuliza nimenunua rangi au nimenunua chuma. Halafu akanionyesha kikapu chake: tezo, msumeno, nyundo, keekee, patasi mbili na kinoo. Basi! Na kwa hivyo vitu sita anaunda mashua inayovuka kwenda Unguja.

Hapo ndipo nikaelewa jambo ambalo ndilo kiini cha makala hii: huhitaji zana nyingi, unahitaji makali. Zana tano zinazokata zinakushinda nini na boksi la kumi na mbili zisizokata? Pesa yako weka kwenye chuma kizuri na jiwe la kunolea. Vingine vingi utavitengeneza mwenyewe.

KWANZA JIULIZE: CHOMBO GANI?

Watu wanakimbilia dukani kabla hawajaamua wanatengeneza nini. Zana zinafuata chombo.

Ngalawa inachongwa. Ile ya kweli ni gogo moja, mara nyingi mwembe, linachimbwa ndani, kisha linafungwa matengo pande mbili lisipinduke. Kwa hiyo ukitaka ngalawa ndogo unahitaji zana za kuchimba: patasi, bobari (ile patasi yenye mdomo wa mviringo), kisu na msasa. Mbao hazikutani, kwa hiyo hakuna kazi ya kuunga. Anayeanza aanze hapa.

Jahazi, mashua na dau ni kitu kingine. Hivyo vinaundwa. Kuna mkuku chini, kuna mataruma kama mbavu, na mbao zinapigiliwa moja baada ya nyingine. Hapa unahitaji zana za kukata mbao nyembamba, kuzipinda, kuzitoboa na kuzibana. Ukija na zana za ngalawa utapasua mbao mpaka ulie.

Halafu kuna suala la kipimo, ambalo wengi hawalifikirii. Tuseme jahazi la kweli lina mita 12, na wewe unaunda kwa kipimo cha moja kwa ishirini. Chako kitakuwa sentimita 60. Sawa. Sasa mbao ya kweli yenye unene wa sentimita 4, kwako inakuwa milimita 2. Upana wa sentimita 15 unakuwa milimita 7 na nusu. Msumari wa unene wa milimita 10 unakuwa nusu milimita!

Umeona? Randa kubwa ya seremala, msumeno wa kupasulia mbao za kenchi, drili ya umeme ya kutobolea ukuta... vyote hivyo havina kazi hapa. Huwezi kupiga randa kubwa kwenye kipande chembamba kama njiti pana. Kwa hiyo ukiazimwa zana na fundi wa vitanda, shukuru, lakini usitegemee.

ZANA KWA KAZI YAKE

1. Kupima. Nunua rula ya chuma, siyo ya plastiki. Utakatia kisu pembeni yake, na ya plastiki utaila mara ya kwanza tu. Ongeza penseli ngumu, bikari ya shule na uzi. Uzi usiudharau. Mafundi wetu wa vyombo wanaunda bila mchoro wa karatasi, kwa jicho na kamba. Kaza uzi kutoka omo mpaka tezi, katikati kabisa, halafu pima kutoka kwenye uzi kwenda kila upande. Upande mmoja ukizidi, chombo kimelala. Mteja hatajua kusema kuna nini, lakini ataona hakijakaa sawa na hatanunua.

2. Kukata. Msumeno wa chuma ule mwembamba wa mafundi bomba unatosha. Kwenye bledi huwa kumeandikwa 18, 24 au 32, hiyo ni idadi ya meno katika inchi moja. Chukua 32. Kanuni ni kwamba meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya mbao kwa wakati mmoja, la sivyo jino linanasa na kurarua. Kwa mbao ya milimita 4, bledi ya 32 inakupa meno matano, safi kabisa. Kwa ile ya milimita 2 hata hiyo haifikishi matatu, kwa hiyo weka msumeno chini, kata kwa kisu ukifuata rula. Usikate kwa mkupuo mmoja. Pitisha kisu mara nne, tano, taratibu.

Na kisu chenyewe usinunue. Tengeneza kwa kipande cha bledi ya msumeno wa chuma. Ila kuna siri. Bledi ziko za aina mbili: kuna zinazokunjika na kuna zinazokatika. Zile zinazokunjika zina ugumu kwenye meno tu, mgongo wake ni laini, ukiunoa haushiki makali. Wewe tafuta ile inayokatika ukiikunja. Ifunge kwenye kitambaa kinene kabla ya kuikata, na linda macho, vipande vinaruka. Kisha inoe kwenye jiwe la mashine taratibu, kila sekunde chache unaichovya kwenye maji. Ukiona chuma kimegeuka bluu, umekiunguza, na bledi nyingi zikishafika hapo ule ugumu umeondoka. Kata hicho kipande, anza upya. Ukimaliza, zungushia mpini wa mbao na uzi wa nailoni.

3. Kuchonga. Hapa ndipo pa kutoa pesa. Patasi mbili tu: ya robo inchi na ya nusu inchi. Ukifanya ngalawa ongeza bobari moja. Vijipatasi vidogo zaidi vya kuingia kwenye kona, tengeneza kwa msumari mrefu uliopigwa bapa, ingawa msumari ni chuma laini, utaunoa kila mara. Kwa kona moja au mbili unatosha.

4. Kutoboa. Hili ndilo linalowapiga watu chini. Mbao nyembamba ukiipigilia msumari bila kuitoboa kwanza inapasuka, hasa karibu na mwisho wake. Watu wanalaumu mbao. Mbao haina kosa.

Wengi wananiuliza drili ipi ya umeme ninunue. Jibu langu: isikushughulishe kwa sasa. Inazunguka kwa kasi, nzito, inavunja vikekee vyembamba na inakula mbao kabla hujasema loh. Tengeneza keekee ya wazee, ndogo.

Inatengenezwa hivi. Chukua kijiti kilichonyooka kama shibiri moja, hicho ndicho kitakachozunguka. Chini yake chomeka kikekee. Juu yake weka kipande cha kifuu cha nazi au mbao yenye kishimo, ili ukandamize kwa kiganja bila kuungua. Kisha chukua fimbo nyingine, ifunge kamba kama upinde, kamba uizungushe mara moja kwenye kijiti. Ukivuta upinde mbele na nyuma, kijiti kinazunguka huku na huku. Mkono wako ndio kasi. Ukihisi inakwama, unaacha. Drili gani ya umeme inakupa hivyo?

Kikekee chenyewe ni spoku ya baiskeli. Nyingi zina unene wa milimita 2 hivi. Gonga ncha iwe bapa, chonga kwa tupa iwe kama mkuki, na uinoe pande zote mbili, maana keekee inazunguka kwenda na kurudi, kwa hiyo lazima ikate kwenda na kurudi. Kwa tundu dogo zaidi tumia sindano ya kushonea: katia katikati ya lile tundu la uzi, ncha mbili zinazobaki zinakuwa kikekee.

Badala ya misumari mimi natumia vijiti vya mwanzi vilivyochongwa vyembamba. Tia gundi kidogo, chomeka, kata kinachozidi. Havishiki kutu na havipasui mbao.

5. Kubana. Mbao iliyopakwa gundi inataka kushikwa mpaka ikauke. Vibanio vya nguo, nunua dazeni mbili. Halafu nenda kwa fundi baiskeli, muombe tyubu iliyochoka, kata vipande virefu kama mikanda, zungushia chombo chako. Tyubu inafuata mviringo wa chombo vizuri kuliko kibanio chochote cha dukani. Jiriwa ni kitu kizuri lakini ni ghali. Kwa kuanzia chonga mfuo kwenye gogo, ingiza mbao, kaza kwa kabari.

Kwa kupinda, zana yako ni sufuria. Loweka mbao nyembamba kwenye maji ya moto mpaka ilainike, ipinde taratibu kwa mkono, ifunge kwenye umbo la chombo ikauke usiku kucha. Ndipo upake gundi. Ukiipaka ingali na maji, kesho itaachia.

Gundi nyeupe ya mbao ndiyo ya kuundia. Supagluu inakausha haraka lakini unga wake haupendi kugongwa, na inaacha weupe kwenye mbao. Iweke kwa dharura tu.

6. Kulainisha. Tupa moja bapa upande na mviringo upande wa pili, na msasa wa namba tatu: 80, 120, 240. Namba ndogo ndiyo inayokwaruza zaidi, kwa hiyo anza na 80 malizia na 240, usiruke. Kipande cha chupa kilichovunjika pia kinakwangua vizuri mno, mafundi wa mipini wanalijua hilo. Shika kwa kitambaa.

KUKAGUA CHUMA DUKANI

Hili lingeniokoa elfu thelathini zangu.

Nenda na tupa ndogo mfukoni. Muombe muuzaji ruhusa, gusa patasi kidogo karibu na makali. Tupa ikiuma kwa urahisi kama inavyouma msumari, chuma hicho ni laini, rudisha. Tupa ikiteleza kama iko juu ya kioo, hicho ni chuma kilichokomazwa. Muuzaji akikataa kabisa, sawa, ni mali yake, nawe pesa ni yako.

Pili, weka rula ya chuma mgongoni mwa patasi. Mwanga ukipita katikati, mgongo umepinda na utanoa wiki nzima. Tatu, itazame kwa urefu, mpini na chuma vinyooke pamoja. Msumeno nao utazame hivyo hivyo kama unalenga bunduki.

Na usidharau zana kuukuu. Patasi ya zamani yenye kutu lakini chuma kizuri ni bora kuliko mpya ya rangi. Kutu inaondoka kwa msasa. Ulaini hauondoki.

KUNOA, KUNOA, KUNOA

Nunua kinoo chenye pande mbili, wa kukwaruza na wa kulainisha. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua hiki kabla ya patasi ya pili.

Mteremko wa makali uwe mara mbili na kidogo ya unene wa chuma. Patasi ina unene wa milimita 3? Mteremko uwe milimita 6 mpaka 7. Mfupi kuliko hapo unasukuma mbao badala ya kuikata. Mrefu sana makali yanamenyeka. Tia maji, sugua ukishika pembe ileile, mpaka usikie kwa kidole kijinundu chembamba upande wa mgongo. Geuza, laza mgongo bapa kabisa kwenye upande laini, sugua mara chache, kinaondoka.

Jaribio: kata paini upande wa kichwa cha mbao, pale nyuzi zinapoishia. Ikikatika na kuacha sehemu inayong'aa, twende kazini. Ikipondeka na kuwa kama unga, rudi kwenye jiwe. Mimi nanoa kila baada ya nusu saa ya kazi. Unaona unapoteza muda, kumbe ndiyo unauokoa. Na kitu kingine: zana butu ndiyo inayokata vidole, kwa sababu unaisukuma kwa nguvu na inateleza.

MBAO KWA UFUPI

Usinunue. Pita kwa maseremala omba vipande wanavyotupa. Jifunzie kwenye paini, ni laini. Mninga na mtiki ndiyo za kuuzia, rangi yake inavutia. Mpingo uache kwanza, utamaliza makali yote. Ukisaga mvule au mpingo, funga kitambaa puani, vumbi lake linawasha kifua. Na mataruma yaliyopinda yatafute kwenye matawi ya mpera au mwembe. Usiingie kukata mikoko bila kibali, hiyo misitu inalindwa.

KWA NINI TUHANGAIKE HIVI?

Mdau mmoja aliniambia, mtalii hajui tofauti, we mpakie rangi umuuzie. Nakataa, na sababu yangu ni mtepe.

Mtepe ulikuwa chombo cha pwani yetu hii, maarufu sana huko Lamu. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, bila msumari wa chuma, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Leo haupo baharini hata mmoja. Mtu akitaka kujua ulikaaje, sehemu mojawapo ya kuangalia ni vile vidogo vilivyobaki makumbusho, na Makumbusho ya Lamu unao. Yule fundi aliyekaa akashona kamba kwenye kitu cha mezani hakujua kwamba siku moja chake ndicho kitakachoulizwa.

Sasa angekuwa ametumia patasi ya rangi kama yangu, akapiga misumari kwa sababu hana cha kutobolea, tungejua nini leo? Hapa ufukweni kwetu boti za fiba na injini zinaongezeka, na wanaojua kushika tezo ni wazee. Ukiunda jahazi lenye mlingoti, foromali, usukani na mataruma mahali pake, umeuza pambo, lakini pia umeandika kitu.

MPANGO WA KUNUNUA

Kama mfuko umetoboka kama wangu, fuata hivi:

Mwanzo kabisa: kinoo, rula ya chuma, msasa, bledi mbili (moja ya kukatia, moja ya kisu). Tengeneza keekee. Omba tyubu na vipande vya mbao.

Ukishauza ngalawa ya kwanza: patasi ya robo inchi iliyopita mtihani wa tupa, gundi na vibanio.

Ukishauza ya tatu: patasi ya nusu inchi, tupa nzuri, na fremu ya msumeno.

Baada ya hapo utajua mwenyewe unachohitaji, maana kazi itakuwa inakuuma mahali fulani.

Zile patasi zangu kumi na mbili? Moja nafungulia makopo ya rangi. Zingine zipo kwenye boksi lake, linang'aa bado.

Wadau wa Kilwa, Mafia, Tanga, Pangani, Lamu na Unguja, huko kwenu mnatobolea nini na mnanoa vipi? Hasa anayejua kukomaza chuma cha msumari kikashika makali, naomba aseme hapo chini, mimi hilo bado linanishinda.